App ya mgongo imenipandisha levo nikaumia, niifute?

"Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, nina miaka 41. Tangu mwishoni mwa Januari naumwa shingo na mgongo wa chini. Shingo inakaza mpaka bega la kulia, mgongo ukizidi maumivu yanashuka kwenye paja la kulia ila hayafiki goti. Nilipiga eksirei nikaambiwa pingili zimeanza kusagika, nikanunua mkanda. Mpwa wangu yupo Dar akaniwekea kwenye simu app ya mazoezi ya mgongo, ni ya Kiingereza lakini ina video, kila siku inanipa mazoezi na inaniuliza maumivu ni ngapi kwenye kumi. Wiki ya kwanza nikapata nafuu kabisa. Ya pili ikanipandisha levo, sasa nikifanya usiku asubuhi naamka kama nimepigwa. Nikikosa siku inaniwekea alama nyekundu. Jirani anasema niache nitajivunja, mpwa anasema nikaze, maumivu ndo dawa inaingia. Hizi app zinasaidia kweli au biashara tu? Na je, nikapige MRI?"

Marahaba dada yangu, pole sana, na pole na kazi maana Januari ya fundi cherehani naijua, sare za shule zinalundikana mpaka mlangoni na kila mzazi anataka ya kwake Jumapili jioni. Nijirekebishe kwanza, mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba. Watu wamezoea kutuita madaktari na mara nyingi tunanyamaza tu tunafurahia, ila leo ni vizuri ujue unaongea na nani. Sitakuandikia dawa.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeuliza kuhusu app na MRI lakini naona chini yake kuna hofu moja kubwa, kwamba kila ukiinama unazidi kujisaga. Tuanze na hiyo maana ikibaki kichwani hata app nzuri kuliko zote duniani haitakusaidia, utafanya zoezi huku umejikaza kama mtu anayevuka daraja la miti.

Hilo neno "kusagika" sisi watu wa hospitali tumelitumia vibaya miaka mingi. Ukiambiwa pingili zimesagika unawaza mashine ya kusaga mahindi, kwamba humo ndani unga unadondoka. Siyo hivyo. Kinachoonekana kwenye picha ni kwamba zile sahani laini kati ya pingili na pingili zimepungua maji na kimo kidogo, na hiyo inakuja na umri kama mvi zinavyokuja. Kuna uchambuzi ulitoka 2015 uliokusanya vipimo vya watu 3,110 ambao hawaumwi mgongo kabisa, wazima wanaotembea zao, na wakakuta dalili hizo kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, asilimia 68 ya watu wa miaka 40, na wa miaka 80 ni asilimia 96. Wewe una 41. Kwahiyo ukichukua mafundi kumi wa umri wako pale Mwanjelwa, hata wale wanaocheka tu siku nzima, sita au saba watatoka na majibu yanayofanana na yako.

Ndiyo maana swali la MRI, ile picha ya ndani inayopigwa kwa mashine ya sumaku, nalijibu haraka, kwa hayo uliyoniandikia bado. MRI ni kipimo kizuri kikiwa na swali la kujibu, mfano tunashuku uti wa mgongo unabanwa au kuna uambukizo au tunapanga upasuaji. Ukienda nayo bila swali itakuletea karatasi yenye maneno mengi ya kutisha kuliko eksirei na utarudi nyumbani unaumwa zaidi, nimeona watu wanatoka na lile bahasha wanatembea wamepinda wakati waliingia wamenyooka.

Sasa kwanini unaumwa kama siyo kusagika? Maumivu ya mgongo kwa sehemu kubwa, Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 90, hayana kidonda kimoja unachoweza kukinyooshea kidole kwenye picha. Haimaanishi unajifanya. Misuli, maungio na neva za mgongo wako zilizoea kiasi fulani cha kazi, halafu Januari ukazipa kazi mara mbili ndani ya wiki mbili, usingizi ukapungua, na nadhani mawazo ya ada yalikuwepo pia. Pale mwili ukaanza kulinda. Mfumo wa maumivu uko kama mbwa wa nyumbani, akishaingiliwa na mwizi usiku mmoja basi mwezi mzima anabweka hata parachichi likidondoka kwenye bati. Hakuna mwizi, parachichi tu, lakini kubweka ni kwa kweli na usingizi hupati. Kumpiga mbwa hakusaidii na kumfungia ndani hakusaidii, unamzoesha taratibu mpaka aelewe tena kwamba hili ni parachichi. Mazoezi kazi yake kubwa ni hiyo. Kukuza misuli ni faida ya pembeni.

Kuhusu shingo na simu, najua utakuwa umeshaona ile picha inayozunguka kwenye magrupu, kichwa kikiinama nyuzi 60 shingo inabeba kilo 27. Hiyo namba ilitoka kwenye hesabu za kompyuta mwaka 2014, hakuna shingo ya mtu aliye hai iliyopimwa pale. Kichwa chenyewe kina kama kilo tano, na shingo imeumbwa kuinama. Inachochukia ni kuinama hivyohivyo saa tano mfululizo bila kubadilisha.

Haya, app. Nitakwambia ukweli ninaoujua, usimwambie mpwa wako kwamba nimeipinga. Utafiti mzuri upo. Denmark na Norwei walitengeneza app inaitwa selfBACK, inampa kila mtu mazoezi, idadi ya hatua za kutembea na maelezo kulingana na anavyojibu, wakaijaribu kwa watu 461 wenye maumivu ya mgongo wa chini na matokeo yakatoka 2021. Baada ya miezi mitatu, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 52 kwa waliotumia app pamoja na matibabu yao ya kawaida, na asilimia 39 kwa waliobaki na matibabu ya kawaida tu. Ukiangalia wastani lakini, tofauti ilikuwa chini ya alama moja kwenye kipimo cha alama 24. Kwahiyo inasaidia, ila inasaidia kidogo. Halafu 2023 Norwei wakaijaribu kwa wagonjwa 294 waliokuwa wamepewa rufaa kwenda kwa mabingwa, watu wa shingo na mgongo wa muda mrefu, na hapo app haikuongeza kitu juu ya huduma ya kawaida. Ujerumani nao tangu 2020 daktari anaweza kumwandikia mgonjwa app kama anavyoandika dawa na bima ikalipa, ila hizo zinapita kwanza kwenye mamlaka ya serikali.

Mimi naielewa hivi, app ni mkumbushaji mzuri. Fundi wa kukupima mwili hapana. Na kukumbushwa siyo kitu kidogo, mimi mwenyewe nilipoanza kazi, kwenye hospitali moja ya huku kwetu, nilikuwa nawapa watu karatasi ya mazoezi, imechorwa vikaragosi vimelala chali. Mama mmoja wa Rungwe alirudi baada ya mwezi na karatasi safi kama nilivyompa, nikamfokea kidogo kijana wa watu mimi, akanisikiliza mpaka mwisho akasema "mwanangu, nyumba yangu sakafu ni udongo na ni baridi ya mwezi wa saba, nitalala wapi hapo?" Sikuwa nimemuuliza hata analala wapi. App yako iko vilevile kama mimi wa siku zile. Imetengenezwa na mtu anayewaza sebule yenye kapeti na mtu aliyekaa ofisini. Haikijui kigoda chako wala cherehani ya kukanyaga, na haijui kwamba unapoifungua saa nne usiku mgongo wako umeshafanya mazoezi ya saa kumi na mbili tayari.

Hapo ndipo tatizo lako lilipo dada. Levo ilipanda kwa sababu siku saba zilipita, mwili wako haukuulizwa. Kutokana na unavyoelezea nahisi wamekuletea lile zoezi la kulala kifudifudi unainua mikono na miguu kwa pamoja, na lile la kujishikilia kwa viwiko kama ubao. Siyo mazoezi mabaya. Kwa mtu aliyeinama siku nzima, akiyafanya usiku amechoka, mara kumi na tano mizunguko mitatu, lazima aamke kama amepigwa. Kwahiyo jirani kakosea, hujivunji. Na mpwa naye kakosea, maumivu siyo dawa inayoingia.

Mimi natumia kipimo cha asubuhi. Ukifanya zoezi na maumivu yakapanda mpaka nne au tano kwenye kumi endelea tu, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa jana. Yakirudi, kiasi kile kinakufaa. Ukiamka yako juu kuliko jana basi dozi ilikuwa kubwa, punguza nusu, usiache. Halafu usipandishe mpaka upate asubuhi nzuri tatu nne mfululizo kwa kiasi hichohicho. App ikikupandishia levo kabla ya hapo mwenye mwili ni wewe, rudi nyuma. App nyingi zina sehemu ya kuchagua levo kwenye mipangilio, mwambie mpwa akuonyeshe kwa simu ya video. Ikiwa yako haina, inang'ang'ania tu kupanda, hiyo ifute bila huruma utafute nyingine.

Kwahiyo kuanzia kesho rudi kwenye mazoezi ya wiki ya kwanza yaleyale yaliyokupa nafuu, na uyahamishe kutoka usiku. Fanya asubuhi kabla hujafungua, au mchana wateja wakipungua, dakika kumi zinatosha. Na zile alama nyekundu zima, notifikesheni bakisha moja tu ya kukumbusha. Siku mbili za kupumzika kwa wiki hazijawahi kumharibu mtu, ile nyekundu imewekwa ili usiiache app, haina habari na mgongo wako. Hilo swali la maumivu ni ngapi kwenye kumi nalo jibu mara moja kwa wiki. Asubuhi linganisha tu na jana inatosha, ukijipa namba kila siku unakuwa kama mtu anayefunua sufuria ya wali kila dakika.

Sasa cherehani, maana ndiyo inakushikilia muda mwingi kuliko simu. Huhitaji app kukukumbusha kusimama, unayo bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Kila bobini ikiisha uzi, kabla hujajaza nyingine, simama, weka mikono kiunoni jinyooshe kwa nyuma mara tano, zungusha mabega, angalia huko nje nani anapita, kaa. Haichukui hata dakika moja. Kigoda chako nahisi ni kifupi, mafundi wengi wanakalia viti vifupi hivyo wanainua mabega siku nzima bila kujua. Jaribu kuweka mto mgumu au kitambaa kilichokunjwa ili viwiko vilingane na meza ya cherehani, miguu isiache kukanyaga vizuri.

Halafu kuna kitu hakuna app itakachokuuliza. Unaiona sindano vizuri? Una miaka 41, na ukivuka 40 macho ya karibu yanaanza kupungua kwa kila mtu, tena unashona uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu iliyokolea ndani ya fremu yenye taa moja ya juu. Mtu asiyeona anapeleka uso kwenye sindano, shingo inafuata, na bega la mkono unaosukuma kitambaa linapanda. Nimeshaona mafundi shingo zao zikapoa kwa miwani ya kusomea na taa ndogo iliyofungwa kwenye kichwa cha cherehani. Kapime macho kwanza kabla ya kuwaza kitu kingine chochote cha gharama.

Na utembee. Australia 2024 walitoa utafiti wa watu 701 waliokuwa wamepona mgongo, nusu wakapewa mpango wa kutembea na maelezo kidogo, lengo lifike dakika 30 mara tano kwa wiki, nusu wakaachwa. Walioachwa, nusu yao mgongo ulikuwa umerudi ndani ya siku 112, wa kutembea siku 208. Kutembea tu huko. Ukipanda bajaji shuka mbele kidogo umalizie kwa miguu, anza na dakika kumi, na vilima vya Mbeya vitafanya kazi iliyobaki.

Mkanda usiutegemee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu mgongo wa muda mrefu unasema mikanda isitumike kama tiba ya kawaida. Haitakuua ukiivaa siku moja ya safari ndefu, ila kuivaa kutwa unaufundisha mgongo kwamba peke yake hauwezi. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, najua ipo kwenye pochi maana ipo kwenye pochi ya kila mtu mwenye mgongo, usiifanye chai ya kila siku, inatoboa tumbo, inapandisha presha na kuumiza figo. Muulize daktari au mfamasia kama una presha au vidonda vya tumbo.

Nisisahau suala la biashara uliloligusia. App inayokuahidi kupona ndani ya siku saba, au inayokuangalia kwa kamera halafu inakutajia ugonjwa, au inayokuuzia mkanda na vidonge vya mifupa ndani yake, hiyo ni duka. Nyingine zinakupa wiki mbili za bure halafu zinaanza kukata dola kwenye kadi, angalia mpwa aliunganisha kadi ya nani. Na kama app ya mgongo inaomba kusoma namba za simu ulizohifadhi, kataa, mgongo haupo kwenye namba za simu. Taarifa za ugonjwa wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini kuzirudisha zikishatoka ni kazi.

Sasa sikiliza haya kwa makini, ni mambo ambayo app inaweza isikuulize hata siku moja na mimi ndiyo maswali yangu ya kwanza mtu akiingia mlangoni. Ukianza kushindwa kukojoa au mkojo na choo vinatoka bila kujijua, au ganzi sehemu unazokalia na sehemu za siri, au miguu yote inalegea, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo, usisubiri kesho wala fizio. Kwa shingo, ukiona vidole vimekuwa vizito, vitu vinakudondoka, kutunga uzi kumekushinda na siyo kwa ajili ya macho, au miguu inayumba ukitembea, wahi, inaweza kuwa uti wa mgongo unabanwa na hapo ndipo MRI ina maana. Maumivu yasiyotulia hata ukilala, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito, usiseme ni cherehani. Kifua kikuu kinaingia kwenye pingili, na huko siyo lazima ukohoe. Dawa zake ni bure nchini, ila kikicheleweshwa kinaacha kibyongo au kupooza. Kama mnakunywa maziwa mabichi mwambie daktari pia, ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, bruselosisi, unaingia kwa binadamu na kupiga mgongo vibaya sana. Na yeyote aliyeanguka na bodaboda, au aliyewahi kutibiwa saratani, aonwe na daktari kwanza, app baadaye.

Wewe kwa ulivyoandika hauko kwenye kundi hilo. Maumivu ya paja yasiyovuka goti, bila ganzi, bila mguu kulegea, huwa yanatulia. Yakianza kushuka chini ya goti mpaka unyayoni, au mguu ukaanza kuburuza, usisubiri.

Ipe hii wiki sita. Hautapona kwa mstari ulionyooka, utapata wiki nzuri halafu siku mbili mbaya kwa sababu kuna send-off na umeshona gauni kumi. Angalia kama unakaa muda mrefu zaidi kuliko mwezi uliopita kabla mgongo haujaanza kukusumbua. Ikifika wiki ya sita hakuna mabadiliko, nenda kitengo cha fiziotherapia, kipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na ndugu zetu wa Iringa wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Siku hiyo njoo na simu yenye hiyo app tuone ilichokufanyisha. Eksirei ukiisahau siyo mbaya. Kile kigoda usikisahau, kipakie kwenye bajaji uje nacho.